Nje ya Kibandiko

Saa nane usiku, Tartu, mto umeganda,
nami nasaga kidonge cha mtu mzima
katika kinu cha kaure.
Nakigawa mara kumi na sita,
kisha kile kijisehemu nakigawa tena,
kwa kuwa mwana wa Kertu ana gramu mia tisa
na mapafu yake yamegoma kufunguka.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku
haimjui mtoto huyu.
Inasema: wanaume, miaka kumi na minane na kuendelea.
Inasema: saa moja kabla ya tendo.
Muuguzi Urve aliisoma kwa sauti siku ya kwanza,
akacheka hadi akalia,
kisha akalia tu.
Dawa ya chumbani, ya wazee wenye haya
wanaoinunua huku wakitazama viatu vyao,
leo imeitwa ije ifungue
kifua kisichojaza kiganja.

Nani aliijaribu kwa viumbe wa kimo hiki?
Mzazi gani angesema, haya, huyu wangu, mjaribuni?
Basi hatujui. Na kwa kuwa hatujui, twakisia,
na makisio yetu twayaita dozi,
twayaandika kwa wino mweusi
na desimali mbili.

Daktari Priidik hakunificha kitu:
"Nimesoma habari za watoto kumi na wanane.
Kumi na mmoja walikwenda nyumbani.
Kama una bora kuliko hili, niambie sasa."
Sikuwa nalo.
Nikasaga.

Lakini upande wa pili nao naujua, nimeuzika kwa mikono yangu.
Mama yangu, Helju, nyumba ya wazee, Valga:
usiku alikuwa akiwaita kwa majina
ng'ombe wa shamba la ushirika
waliochinjwa kabla sijazaliwa.
Wenzake hawakulala. Wahudumu wawili, vitanda arobaini.
Wakampa kidonge cha wanaosikia sauti.
Karatasi ya kidonge kile ilinena, tena kwa herufi nzito:
mzee mwenye maradhi ya kusahau, asipewe.
Akapewa.
Ng'ombe wakapotea mmoja mmoja,
wa mwisho alikuwa Mustik, mweusi, mwenye pembe moja.
Mwezi Machi mama akaanguka njiani kwenda msalani.
Katika daftari lao, wiki zote zile, neno moja:
ametulia.

Neno hilohilo Urve huliandika
pumzi za mtoto zikipungua kasi.
Ametulia.
Mwandiko mzuri, wa duara.

Kule Tallinn wanabishana, nimewaona kwenye runinga.
Mmoja anataka mlango ufungwe kwa komeo,
kisichoandikwa kisitolewe.
Mwingine, mwenye tabasamu la kampuni,
anautaka wazi kama mdomo wa njaa.
Nilizima. Nilikuwa na vyombo vya kuosha.
Ukiufunga, namwambia nini Kertu?
Ukiuacha, namwambia nini mama?
Mlango ni mmoja, bwana,
na mimi nimesimama kizingitini na mchi mkononi.

Najua hili tu, na si sheria:
Priidik hajaenda kulala.
Amekaa kwenye kiti cha plastiki, soksi zimetoboka,
anatazama tarakimu kama mtu anayedaiwa.
Yule wa Valga aliandika kwa simu, hakurudi kuuliza.

Saa kumi na moja: sabini na nane.
Saa kumi na mbili: themanini na nne.
Kisha themanini na moja, na hakuna aliyesema neno.

Narudi kwenye mashine ya vibandiko.
Inadai jina. Mtoto hana jina bado,
naandika: wa Kertu.
Inadai kipimo, naandika.
Inadai: hutumika kwa nini?
Kidole kinabaki hewani.
Nje, gari la kusukuma theluji linapita,
taa yake ya manjano inazunguka ukutani.
Naiacha nafasi ile wazi,
nabonyeza,
nabandika.